Punda wa Mbao Aingia Kirushya

Padri Hubati alipowaambia wazee wa kigango cha Kirushya kwamba ameletewa punda kutoka kwao Ulaya, baadhi yao walidhani homa imempanda kichwani. Alikuwa mzee sana. Miguu ilikuwa imemvimba mpaka viatu vimemkataa, na safari ya kutoka misheni hadi Kirushya aliifanya kwenye machela, akibebwa na vijana kwa zamu. Aliketi mbele ya lile kanisa dogo la udongo na nyasi, akawaeleza taratibu.

Si punda wa nyama na damu. Ni sanamu ya mti: Bwana Yesu amepanda punda, na punda amesimama juu ya ubao wenye magurudumu. Huko kwao, katika vijiji vya kando ya mto Rhine, mafundi walichonga sanamu za namna hiyo yapata miaka mia nne iliyopita, na kila Jumapili ya Matawi watu walizivuta kwa kamba kuuzunguka mji, watoto wakigombea kumgusa punda shingoni. Kisha ukaja wakati wa ugomvi wa dini. Sanamu nyingi zilitolewa makanisani zikatiwa moto. Ya kijiji chao iliponea chupuchupu, maana mwanamke mmoja aliichomoa motoni akaificha zizini chini ya majani makavu. Tangu hapo ikarithiwa na ukoo wa padri, baba kwa mwana, mpaka ukoo ukabaki na yeye peke yake.

"Sina mtoto wa kumwachia," alisema Padri Hubati. "Nimewachagua ninyi."

Sanduku lilikuwa limekwisha kufika Biharamulo, katika ghala la mfanyabiashara mmoja aitwaye Halfani. Kilichobaki ni watu wa kwenda kulichukua, ili Jumapili ya Matawi iliyokuwa inakaribia punda huyo aingie Kirushya kama alivyoingia Yerusalemu.

Wote wakamtazama Bizimana, mkubwa wa wazee wa kanisa. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi. Siku hiyo alisimama, akasema kwamba Kirushya haitapeleka mtu. Sisi Wahangaza ni watu wa ng'ombe, alisema. Punda ni mnyama wa wachuuzi wa chumvi, anapigwa fimbo kutwa na kulala na matandiko mgongoni. Kumweka mnyama huyo mbele ya altare ni kuwapa watu wa vilima vingine sababu ya kutucheka. Alisema hayo bila kumtazama padri usoni, kisha akaketi. Hakuna aliyethubutu kumpinga. Padri Hubati akainamisha kichwa, akawa anaitazama miguu yake.

Ndipo aliposimama Adelfina.

Adelfina ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani. Alikuwa mjane wa Pancras, mdogo wake Bizimana. Wakati wa vita ya Wajerumani ndugu hao wawili walichukuliwa pamoja kwenda kubeba mizigo ya askari, na aliyerudi alikuwa Bizimana peke yake. Tangu siku hiyo alimtunza mke wa mdogo wake kwa heshima yote. Hakupungukiwa na mbegu za maharage wala mikono ya kumsaidia kwenye migomba. Lakini habari za njiani hakumsimulia kamwe. Kila alipoulizwa alijibu kwamba Pancras aliugua, basi. Adelfina naye alikuwa amemtii katika kila jambo, kama mke anavyomtii mkubwa wa ukoo wa mumewe.

"Padri," alisema, "nitakwenda mimi."

Watu wakageuka. Bizimana akamwambia kwa sauti ya chini kwamba anamwaibisha mbele ya watu. Adelfina akamwomba radhi, tena kwa kupiga goti kama ilivyo desturi, lakini neno lake hakulirudisha. Alikuwa amemwona mzee yule akiinamisha kichwa, na hakuweza kuvumilia. Isitoshe, habari ya mwanamke aliyetia mkono motoni ilikuwa imemkaa moyoni kama mwiba. Jirani yake Melania akasema ataandamana naye. Alikuwa na hamu ya siku nyingi ya kuiona Biharamulo, na hamu nyingine ya kupanda kile alichokiita rori.

Walikwenda kwa miguu hadi Ngara mjini, na hapo wakalikuta lori la Halfani lililokuwa limeleta chumvi na vitambaa. Dereva wake, Makame, aliposikia wanafuata sanduku la padri, aliwapandisha nyuma juu ya magunia ya maharage.

Halfani alikuwa mtu wa makamo, mwenye kanzu safi na ndevu zilizochongwa vizuri. Babu yake alitoka pwani na misafara, akaoa njiani, na ukoo ukaota mizizi Biharamulo. Mkewe, Mwanamvua, aliwapokea wageni kwa maji ya kuoga, wali na maziwa, akawatandikia mkeka mpya. Kesho yake akawapeleka ghalani mwenyewe. Sanduku lilikuwa limeinuliwa juu ya mawe, na kulizunguka sakafu imemwagiwa majivu.

"Sisi hatuweki sanamu, mama, mwenyewe unajua," alisema Mwanamvua. "Lakini mchwa walipoanza kulinyemelea nililinyanyua. Hii ni amana. Nimelilinda kama mali ya yatima."

Makame akang'oa misumari. Wakatoa majani makavu yaliyojaa sandukuni, majani yenye harufu ya nchi nyingine, na chini yake wakamwona punda.

Adelfina alikuwa amejitayarishia kitu cha kung'aa, kama zile picha za rangi zinazogawiwa watoto siku ya komunyo. Hiki hakikung'aa. Rangi nyekundu ya joho la Bwana ilikuwa imefifia ikawa kama udongo wa Kasulo ya Ngara baada ya mvua, na pindo lake upande mmoja lilikuwa jeusi, limeliwa na moto. Kimo cha Bwana kilikuwa cha mvulana anayeanza kubalehe. Mkono wa kulia umeinuliwa kubariki. Lakini uso ulikuwa wa mtu mzima aliyetoka mbali, macho yameangalia mbele, mdomo umefumbwa, kama mtu anayejua anakokwenda na nini kinamngoja, na bado anakwenda. Fundi aliyeuchonga alikuwa amekata mikunjo miwili midogo chini ya macho, na kwa mikunjo hiyo miwili mti ule ulikuwa umepata pumzi.

Na punda. Masikio ameyalaza nyuma kidogo, goti moja amelikunja, tumbo limetuna. Shingo yake ilikuwa laini na nyeusi kwa kushikwa. Adelfina akaweka kiganja chake hapo, kikaingia sawasawa katika kibonde walichokichimba watoto waliokufa zamani sana, katika nchi asiyoweza hata kuiwazia. Machozi yakamtoka bila kelele.

Mwanamvua alisimama kando, mtandio mdomoni, akamtazama mnyama kwa muda. "Maskini, kachoka huyu," alisema. "Mngempa maji." Wote watatu wakacheka, na Makame naye.

Waliondoka Biharamulo katika wiki ya mwisho kabla ya Matawi, punda akiwa amerudishwa sandukuni na sanduku limefungwa kwa kamba katikati ya magunia ya chumvi. Halfani alikwenda nao kwa kuwa alikuwa na biashara Ngara. Walipita Nyamigogo mashamba yakiwa yamenawiri, wakaingia kwenye pori la ndorobo, wale mbung'o wa malale. Hapo mvua ikawakuta. Ilikuwa mvua ya masika hasa, ile inayoshuka kama imemwagwa na mtu mwenye hasira. Lori lilijikokota, likateleza, likajikokota tena. Lilipokaribia Kasulo magurudumu ya nyuma yakazama mpaka kwenye bodi. Mbele yao daraja la magogo lilikuwa limechukuliwa na maji.

Makame akazunguka lori, akarudi akitikisa kichwa. Halfani akakata shauri: watangoja njia ikauke na daraja litengenezwe. Huenda wiki nzima ikapita. Jumapili ya Matawi ingekuwa imekwenda zake.

Adelfina alikaa juu ya jiwe, nguo imemgandama mwilini, akawaza. Kwa mara ya kwanza tangu atoke nyumbani aliogopa. Alimwona Bizimana akimpokea mikono mitupu, bila kumkaripia, na huko kutokaripiwa ndiko alikokuogopa zaidi. Kisha akanyanyuka, akamwendea Halfani.

"Bwana Halfani, huyu punda ana magurudumu yake mwenyewe."

Halfani alimtazama kama hakusikia vizuri. Akamweleza kwamba mbao zile zina umri wa mababu na mababu, kwamba njia ni vilima na matope, kwamba wao ni wanawake wawili. Adelfina akajibu kwamba punda huyo alifanywa avutwe, hakufanywa akae ghalani, na kwamba wanawake wawili wakianza kuvuta, wa tatu hatakosekana. Mfanyabiashara akavua viatu, akakunja kanzu akaifunga kiunoni, akamwambia Makame abaki na chumvi.

"Nilimpa padri neno langu kwamba itafika," alisema. "Tena tuelewane, mama. Mimi sivuti sanamu. Navuta amana."

Wakamtoa punda sandukuni, wakampachika juu ya ubao wake, wakamfunika Bwana kwa turubai la lori. Mbao za sanduku wakazibeba ili kuzitandika penye matope. Mtoni walikuta wakulima wa Kasulo wamekuja kuangalia maji. Watu hao walipoona lile umbo chini ya turubai waliuliza ni maiti ya nani. Melania, ambaye ulimi haukumkauka hata kwenye mvua, akawajibu kwamba si maiti, ni Mfalme, na kama wana mikono wamvushe. Wakacheka, wakaingia majini mpaka kifuani, wakamwinua punda juu ya vichwa vyao na kumvusha. Ng'ambo ya pili mvua ikakatika, jua likachomoza. Adelfina akaliondoa turubai.

Kicheko kikaisha. Mwanamke mmoja aliyekuwa na jembe begani alilishusha chini. Wengi wao hawakuwa Wakristo, na wale waliokuwa Wakristo hawakuwahi kuona sanamu ila msalaba mdogo wa katekista. Walisimama wakimtazama mtu yule wa mti aliyewatazama kana kwamba yuko njiani na amesimama kidogo kwa ajili yao. Kisha mwenye jembe akashuka bondeni, akakata kuti la ukindu, akarudi nalo, akasimama bega kwa bega na Adelfina. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Hapo Adelfina akaanza kuimba. Aliimba kwa Kihangaza wimbo wa kumpokea bwana arusi, maneno akiyabadili kadiri alivyokwenda, na Melania akaupokea. Kamba ilikuwa mikononi mwa wanaume wa Kasulo, na Halfani alikuwa nyuma akisukuma, matope mpaka mapajani. Kilima cha kwanza kiliwatoa jasho. Walipofika kileleni watu wa upande wa pili walikuwa wamekwisha kusikia wimbo, wakawa wanapanda kuwalaki.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, kilima kwa kilima. Kila kaya waliyoifikia iliwapa viazi, maharage, mahali pa kulala, na asubuhi iliwapa watu. Wengine walivuta mpaka mwisho wa kilima chao, wakawakabidhi wenzao kamba, wakarudi mashambani. Wengine walishindwa kurudi, wakaendelea kuandamana. Gurudumu moja lilipasuka, seremala wa njiani akalifunga kwa ngozi mbichi ya ng'ombe, likawa na nguvu kuliko mwanzo. Wazee waliokuwa hawajasogea mbali na uga wao kwa miaka walishikiwa mikono waje waone. Mtoto mmoja aliuliza kwa nini mfalme huyu hana mkuki, na mkubwa mmoja akampa ncha ya kamba avute naye. Ilipofika asubuhi ya Jumapili ya Matawi, mstari wa watu wenye makuti ya ukindu na majani ya migomba ulikuwa umejaa njia kutoka bondeni hadi ukingoni, na ngoma zilikuwa zimeongezeka bila mtu kujua ziliingilia wapi.

Chini ya kilima cha Kirushya, Bizimana alikuwa amesimama katikati ya njia.

Nyuma yake walikuwa wazee wa kanisa. Wimbo ukapungua, ngoma zikanyamaza moja baada ya nyingine. Adelfina akaiacha kamba, akasogea mbele, akamwamkia shikamoo. Bizimana akaitika marahaba, kwa sauti iliyokwaruza, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Shemeji," alisema, "nilikwambia habari za ng'ombe. Sikukwambia kweli."

Akaiteremsha nguo yake begani. Adelfina alikuwa ameishi jirani naye miaka yote na hakuwahi kuliona bega hilo wazi. Ngozi ilikuwa imevimba na kukakamaa, imekuwa sugu kama ya shingo ya mnyama wa kukokota.

"Vitani askari hawakutuita majina," alisema Bizimana. "Walituita punda. Amka, punda. Beba, punda. Pancras hakuugua. Alianguka chini ya sanduku la risasi, na walipoona hawezi kuinuka wakanipa mimi mzigo wake juu ya wangu, wakaniambia punda aliyekufa haachi mzigo wake nyuma. Nilimwacha njiani akiitwa hivyo. Leo unaniletea punda, niimbe nyuma yake?"

Miaka yote hiyo Adelfina alikuwa amemwombea mume aliyekufa kwa homa, kwenye mkeka, penye kivuli. Sasa alimwona mahali alipokuwa kweli. Alitaka kulia na hakulia. Alimshika Bizimana mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamwongoza mpaka kwenye sanamu, akakiweka kiganja cha shemejiye kwenye shingo ya punda, palepale palipochakazwa na mikono.

"Basi mtazame, shemeji," alisema. "Mtazame punda kambeba nani."

Bizimana alisimama, mkono ukiwa pale. Alilitazama goti lililokunjwa, tumbo, masikio. Fundi wa kale hakuwa amemchonga mnyama yule kwa dharau. Kila msuli aliutendea haki, hata mshipa mdogo wa shavuni, kwa uangalifu uleule alioutumia kwenye uso wa Mwokozi. Kisha mzee akainua macho taratibu kutoka kwa mbebaji hadi kwa aliyebebwa, akabaki anatazama kwa muda mrefu. Halfani, aliyekuwa nyuma na matope yake, akainamisha uso chini kwa heshima.

Bizimana aliizunguka sanamu, akaiokota kamba, akaipitisha juu ya bega lile lenye sugu, akavuta.

Sijui nieleze vipi kelele iliyotoka hapo. Wanaume waliacha kuvuta wakawa wanabeba, wakaacha kubeba wakawa wanakimbia, na punda wa mbao alipanda kilima cha Kirushya kama hana uzito. Watu walitandaza nguo njiani bila kuambiwa na katekista yeyote. Ngoma zilipigwa na watu waliokuwa wakipanda huku wanarukaruka. Mbele ya wote alikwenda Bizimana, kifua wazi, akiimba kwa sauti ambayo watu wa kigango hawakujua kwamba anayo.

Padri Hubati alikuwa ameletwa tangu alfajiri, amewekwa kwenye kiti mlangoni pa kanisa. Alipoona makuti yakipanda kama msitu unaotembea, alijikaza, akasimama juu ya miguu yake mibovu, na hakuna kijana aliyediriki kumshika. Walipomfikishia punda alicheka kama mtoto, akamsugua shingo, akamsemesha kwa lugha ya kwao. Kisha akamtafuta Adelfina kwa macho katika umati, akamwita, akamwekea mkono kichwani mbele ya watu wote.

Kanisa halikuwatosha hata robo yao. Misa ilisomewa nje, punda amesimama kando ya altare chini ya mbingu iliyooshwa. Watu wa Kasulo walikuwapo, na watu wa vilima ambavyo havikuwa na Mkristo hata mmoja. Halfani alikaa kivulini upande wa pili wa uwanja, amepewa maji na ndizi za kuchoma, amana yake imefika, na Melania alikuwa akimsimulia kila mpita njia jinsi mtu yule alivyosukuma.

Misa ilipokwisha Bizimana akaomba ruhusa ya kusema. Alisimama kando ya sanamu, mkono juu ya mgongo wa punda. Alisema kwamba wapo waliobeba mizigo isiyo yao, wakafa, na majina yao hayakutajwa na mtu kwa kuwa yeye, aliyeyajua, aliona aibu. Leo atayataja. Akaanza. Alitaja jina na kilima cha mtu, na kila jina lilipotoka umati ulilirudia kwa sauti moja, ngoma ikagonga. Akina mama waliosubiri miaka na miaka walisikia wana wao wakiitwa kwa majina yao, juu kabisa, mchana kweupe.

La mwisho lilikuwa la mdogo wake.

"Pancras wa Kirushya," alisema Bizimana.

"Pancras wa Kirushya," vilima vikaitika.

Adelfina akapiga kigelegele kirefu, kile ambacho mke humpigia mumewe anaporudi nyumbani, na wanawake wote wakakipokea.